Tumealikwa likizo ya bei nafuu Orlando ili tusikilize wauzaji wa nyumba: je, twende?

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sasa naishi Houston, katika jimbo la Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu, wa miaka 11, 8 na 2. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nami nafanya kazi katika nyumba ya kuwatunza wazee. Tangu tuhamie nchi hii hatujawahi kuwapeleka watoto kutembea mbali kupita ufuo wa Galveston, na kila shule zinapofunguliwa wakubwa wawili hurudi nyumbani na habari za wenzao waliokwenda Disney World, zile bustani za michezo zilizo karibu na Orlando.

Mwezi uliopita nilijaza karatasi ya bahati nasibu katika banda moja la maonyesho, na baada ya siku chache nikapigiwa simu na binti mwenye maneno mazuri sana. Aliniambia kwamba tumechaguliwa kupewa siku nne, yaani usiku wa mara tatu, katika hoteli iliyoko Kissimmee karibu na Orlando, pamoja na tiketi mbili za Disney, yote kwa dola 199, kwa sharti moja tu: mimi na mume wangu tuketi kwa saa moja na nusu tusikilize maelezo juu ya nyumba za likizo ambazo mtu huzimiliki kwa zamu, zile wanazoziita taimushea. Nililipa kwa kadi papo hapo, kabla sijakata simu.

Mume wangu hakufurahi. Alisema mla cha mwenziwe na chake huliwa, na kwamba ni afadhali tudunduize fedha zetu twende wenyewe hata kama ni baada ya miaka miwili. Tena tunao jirani, familia iliyotoka Lubumbashi, ambao waliitikia mwaliko wa namna hii miaka mitatu iliyopita na wakarudi wakiwa wamiliki wa wiki moja kwa mwaka. Mama wa nyumba ile amenieleza kwa siri kwamba wanalipa kila mwezi, likizo zao za kazini haziwiani na zamu yao, na hawajui watokeje.

Hata hivyo, Mama, kinachonisumbua zaidi si fedha. Sisi kwa hakika hatutaki kununua. Je, ni halali kwenda kulala katika chumba cha watu, kula chakula chao na kupokea tiketi zao, hali nimeshaamua moyoni kwamba sitanunua? Nimelelewa kuona kwamba huko ni kumhadaa aliyekukaribisha. Na la pili, mtu aliyekutendea wema tangu asubuhi unamkatalia kwa maneno gani? Mume wangu anasema mimi sijui kukataa, lakini yeye mwenyewe, akishaketi na mtu uso kwa uso, ni mpole kunizidi.

Naomba unishauri.

Mama Watatu, Houston


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la adabu kabla ya lile la fedha, kwa kuwa biashara hii yote imejengwa juu ya adabu ya watu kama wewe.

Chumba mtakacholala, chai mtakayoandaliwa na tiketi mtakazopewa si takrima ya mwenye nyumba kwa mgeni wake. Ni malipo. Kampuni inahitaji mume na mke wenye kipato waketi mbele ya muuzaji wake kwa dakika 90, na imekwisha kupiga hesabu ya gharama ya kuwafikisha pale. Inajua vyema kwamba wengi wa wanaoketi kwenye meza zile huondoka bila kununua, ndiyo maana gharama ya vyumba, ya tiketi, ya wapiga simu na ya kamisheni za wauzaji imetiwa ndani ya bei wanayotozwa wale wachache wanaokubali. Mkizitoa dakika zenu, mkasikiliza kwa heshima na mkajibu kweli mnapoulizwa, mmekwisha kulipa sehemu yenu, wala hakuna fadhila mnayodaiwa. Usemi wa mumeo una haki yake kati ya jirani na jirani, ambako mtu hutoa kwa mapenzi na hungoja kutendewa vivyo hivyo siku ya haja. Hapa pana mapatano yenye masharti yaliyoandikwa, na aliyeyaandika ni wao.

Kosa lingekuwa katika uongo. Mwaliko wa namna hii huwa na vigezo: umri, kipato cha nyumba kwa mwaka, mume na mke kuhudhuria pamoja, kuwa na kitambulisho na kadi ya benki, na kutokuwa mmehudhuria mkutano kama huo siku za karibuni. Kutaja kipato msichonacho ili mpate nafasi ni udanganyifu, na hapo singewatetea. Vilevile msimpe muuzaji tumaini la uongo kwa kumwambia kwamba mtafikiri na kurudi kesho, kwa sababu wengi wao hutegemea kamisheni, na saa anayoipoteza kwenu kwa ahadi hewa ni saa ambayo angekaa na mtu mwingine. Mkataeni mapema na waziwazi. Huo ndio uungwana anaostahili kutoka kwenu.

Sasa tazama kinachouzwa. Umiliki wa zamu ulianza Ulaya katika miaka ya 1960, na mfano unaotajwa sana ni wa Superdévoluy, kituo cha michezo ya theluji katika milima ya Alps ya Ufaransa. Wazo lenyewe lina mantiki: familia inayohitaji nyumba ya mapumziko wiki moja kwa mwaka haina sababu ya kuinunua nzima, basi wagawane watu wengi, kila mmoja na wiki yake. Siku hizi kampuni nyingi huuza pointi badala ya wiki, ili mnunuzi azitumie katika hoteli mbalimbali. Nayasema haya usije ukaenda Kissimmee ukitarajia kukutana na matapeli waliojificha. Yaelekea mtakutana na kampuni halali inayouza kitu halali, kwa bei ambayo, kwa jinsi ulivyonieleza kazi zenu, itawaelemea.

Hesabu yake ni hii. Nchini Marekani bei ya wastani ya mpango kama huo, ukinunuliwa kwa kampuni yenyewe, hupita dola 20,000, na asiye na fedha taslimu hukopeshwa papo hapo kwa riba ambayo mara nyingi huzidi asilimia 12 kwa mwaka. Tuseme mmekopa dola 20,000 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15: mtalipa takriban dola 323 kila mwezi, na siku mnayomaliza mtakuwa mmetoa karibu dola 38,700. Hapo hatujagusa ada ya matengenezo, ambayo kwa kawaida hufika dola 1,000 au zaidi kwa mwaka, hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na hudaiwa hata mwaka ambao mumeo yuko barabarani na hakuna aliyelala katika nyumba ile. Ukijumlisha, kila wiki ya mapumziko katika miaka hiyo 10 itakuwa imewagharimu karibu dola 4,900, kabla ya nauli, chakula na tiketi za Disney. Wakati huohuo, wamiliki walioshindwa kuzitumia wiki zao huzikodisha mtandaoni kwa bei inayokaribia ile ada ya matengenezo tu, kwa hiyo chumba kilekile mngeweza kukipata kwa mwaka mnaoutaka ninyi bila kufungwa na mkataba wowote.

Na mwenye kutaka kuuza hupata nini? Nyumba hizi huonekana zikitangazwa katika soko la mtandaoni la eBay kwa dola moja, kwa kuwa muuzaji hatafuti faida bali mtu wa kuipokea ile ada. Bei ya kwanza ilibeba gharama za kuuzia, zile tiketi na zile kamisheni, na mnunuzi wa pili hana sababu ya kuzilipia. Kwa hiyo mtu yeyote atakayewaambia kwamba mnawekeza, au kwamba mnawaachia watoto mali, mjue amevuka mpaka wa ukweli.

Nikueleze asubuhi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu anayejua kinachofuata hashtuki. Mtapokelewa mahali penye chai na vitafunio, watoto watapelekwa kwenye chumba cha michezo, nanyi mtaketishwa na muuzaji mchangamfu atakayetumia muda mrefu kuwauliza habari zenu: mmetoka wapi, watoto wanaitwa nani, mara ya mwisho mlipumzika lini, mngependa kwenda wapi kama fedha isingekuwa tatizo. Mtajibu kwa furaha, maana ni maswali ya upendo. Kisha atachukua karatasi, aandike kiasi mnachotumia kwa hoteli kwa mwaka, akizidishe kwa miaka 20 au 30, aongeze kupanda kwa bei, na awaonyeshe jumla ya kutisha ambayo eti mtaitupa kwa wenye hoteli. Baada ya hapo mtatembezwa katika nyumba ya mfano, yenye jiko kamili na vitanda vilivyotandikwa vizuri, na mkirudi mezani bei itaandikwa kwa tarakimu kubwa, itakatwa, na nyingine ndogo itaandikwa chini yake kwa maelezo kwamba ni ya leo tu. Mkikataa ataitwa meneja mwenye bei ndogo zaidi. Mkimkataa na yeye, mnaweza kupitishwa kwa mtu wa tatu, ambaye atasema anataka tu maoni yenu kabla hamjapewa zawadi, kumbe naye ana kifurushi cha majaribio cha bei ya chini. Watu waliowashinda wawili wa kwanza huanguka kwa huyu wa tatu kwa uchovu.

Katika yote hayo, shikilieni jambo moja: msitoe sababu. Mkisema hamna fedha, mtaletewa mkopo. Mkisema likizo zenu haziwiani, mtaelezwa habari za pointi. Mkisema mnataka kushauriana, mtaachiwa meza mshauriane, naye atarudi baada ya dakika tano. Sababu yoyote mnayoitoa ina jibu lililoandaliwa tangu siku ya mafunzo yake. Semeni tu, "Tunakushukuru kwa muda wako, lakini hatununui leo. Tunaomba zawadi yetu," na akiuliza kwa nini, rudieni sentensi ileile kwa sauti ileile ya upole. Itakuwia vigumu mara ya kwanza. Kwetu sisi mtu akikuuliza kwa nini ukanyamaza, unaonekana umemdharau. Lakini kukataa bila maelezo mbele ya mfanyabiashara ni haki ya mnunuzi, na sauti yako ikiwa ya heshima hujamvunjia mtu heshima yake.

Pataneni pia, kabla hamjatoka nyumbani, kwamba "hapana" ya mmoja ni ya wote wawili. Muuzaji mzoefu humtambua haraka aliyelainika, akageuza kiti amwelekee yeye, na hapo ndipo mume na mke hujikuta wakibishana mbele ya mgeni. Kadi za benki toeni pale tu zinapohitajika kwa utambulisho, kisha zirudisheni mfukoni. Msitie sahihi karatasi yoyote inayoruhusu historia yenu ya mkopo kukaguliwa, hata mkiambiwa ni ya kuangalia tu kama mngestahili. Muda wa dakika 90 nao uhesabiwe kwa saa yenu. Mara nyingi huanza kuhesabiwa baada ya mapokezi na hurefushwa kwa utulivu, na ukiisha mna haki ya kusimama.

Ikiwa, Mungu aepushe, mmejikuta mmetia sahihi, sheria ya Florida imewawekea mlango wa kutokea. Sura ya 721 ya sheria za jimbo hilo inampa mnunuzi siku 10 za kalenda kuvunja mkataba bila adhabu, zikihesabiwa tangu siku ya kutia sahihi au tangu siku aliyopokea hati ya mwisho anayopaswa kupewa, ile inayochelewa zaidi. Haki hiyo haiwezi kuondolewa kwa maandishi yoyote mnayotia sahihi. Ni lazima mjulishe kwa barua, si kwa simu, kwa anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba. Na kwa kuwa taarifa huhesabiwa kuanzia siku ilipotumwa, itumeni kwa rejista na mtunze risiti ya posta. Muuzaji akipigiwa simu huweza kuwabembeleza mpaka siku zipite. Tena msichanganye majimbo: Nevada, ambako ndiko Las Vegas iliko, siku ni 5, California ni 7, na katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 14.

Sasa, mwende au msiende? Angalia kwanza zawadi yenyewe ina thamani gani kwenu. Tiketi ni mbili, nanyi mnahitaji nne, kwa kuwa Disney haimtozi mtoto aliye chini ya miaka mitatu lakini wale wawili wakubwa watalipiwa, na tiketi ya siku moja kwa kawaida hupita dola 100 kwa mtu. Kutoka Houston hadi Orlando ni karibu kilomita 1,500 kwa gari. Hoteli nyingi hutoza ada ya huduma kwa kila siku na ada ya maegesho, ambazo pengine hazimo katika zile dola 199. Hata baada ya kuyaondoa hayo yote, mnaokoa fedha za maana za chumba na tiketi mbili, na kwa familia ambayo watoto wake hawajawahi kutembea hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mimi nasema mwende, iwapo mumeo ataridhia kwa hiari yake baada ya kulisoma jibu hili pamoja nawe. Asiporidhia, ziacheni hizo dola 199 au dai urudishiwe kama masharti yanaruhusu. Mume aliyeburutwa mpaka kwenye meza ile ataketi kwa kinyongo, na wanandoa wasioelewana ndio wanaouziwa kwa urahisi. Na akiridhia, ombeni kabla ya safari mambo yafuatayo kwa maandishi: ni tiketi za siku ngapi na za bustani gani, maana pengine ni vocha inayodai ada nyingine kabla ya kutumika; ni ada zipi mtatozwa hotelini; mkutano ni siku gani na saa ngapi; na ni nini kitatokea mkishindwa kuhudhuria, kwa kuwa kampuni nyingi humtoza asiyefika bei kamili ya chumba. Mkutano uwekeni asubuhi ya kwanza, ili siku zilizobaki ziwe za watoto.

Limebaki la jirani zako wa Lubumbashi, nalo limenigusa. Kwao zile siku 10 zimekwisha kupita zamani, na hali yao inategemea kama mkopo bado upo. Wasiache kulipa kimya kimya kwa hasira, kwa maana deni likichacha linaharibu historia yao ya mkopo na kuwazuia siku watakapotaka kununua nyumba ya kuishi. Kampuni nyingi kubwa zina utaratibu wa kumpokea mmiliki anayetaka kurudisha zamu yake, hasa mkopo ukiwa umemalizika na ada hazidaiwi, ijapokuwa hazilitangazi jambo hilo kwa sauti.

Ninachowaogopea zaidi ni wale watakaowapigia simu wakidai kuwa wamepata mteja wa kuinunua zamu yao, ila kuna ada au kodi ya kulipwa kwanza. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani imewaonya watu mara nyingi juu ya simu hizo. Mwezi Machi mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya nchi hiyo iliziwekea vikwazo kampuni nane za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG, kwa ulaghai wa aina hiyohiyo dhidi ya wamiliki wa zamu, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani wazee. Mteja wa kweli hamtozi muuzaji ada ya kununua.

Mwambie mama huyo auchukue mkataba wake, atafute namba ya kampuni iliyochapishwa humo na si nyingine aliyopigiwa, apige simu mwenyewe, aombe kuzungumza na idara ya wamiliki, na aulize kama wanaipokea zamu inayorudishwa, kwa masharti gani na baada ya deni kufikia kiasi gani. Jibu lao aliombe kwa maandishi, na asilipe senti yoyote kwa mtu wa kati kabla hajalipata.